Rola ilipokanyaga geji ya nyuklia: uchambuzi wa kisa kutoka saiti ya barabara mkoani Dodoma

Wilaya, kampuni, tarehe na majina ya wahusika vimeondolewa. Vipimo vimekaribishwa kwenye namba zinazosomeka kwa urahisi, lakini hesabu zake zinafuatilika.

Mazingira ya kisa

Barabara ya lami ilikuwa ikijengwa katika wilaya mojawapo ya mkoa wa Dodoma. Ilikuwa kiangazi, msimu ambao upepo hupeleka vumbi jekundu hadi kwenye vikombe vya chai. Siku hiyo lilikuwa likishindiliwa tabaka la changarawe lenye unene wa milimita 150, na mkataba ulitaka lifikie angalau asilimia 95 ya msongamano wa juu uliopatikana maabara. Kupima kwa njia ya mchanga, yaani kuchimba kishimo, kupima uzito wa udongo uliotoka na kujaza mchanga unaojulikana msongamano wake, huchukua nusu saa na zaidi kwa kila kituo. Geji ya nyuklia, kifaa kinachopima msongamano na unyevu wa udongo kwa mionzi, hujibu kwa dakika moja. Kwenye saiti inayokimbizana na mvua za Desemba, hakuna anayeuliza kwa nini geji inapendwa.

Waliokuwapo ni fundi sanifu wa maabara, vibarua wawili wa kumsaidia, opereta wa rola, dereva wa boza la maji, foremani na mafundi wa mitambo. Mita kama 40 kutoka hapo, chini ya mbuyu, mama lishe alikuwa ameshaweka jikoni maharage na ugali wa mtama wa mchana. Geji ilikuwa imesajiliwa na ilikuwa na kibali. Msimamizi wa usalama wa mionzi, ambaye ndiye anayesimamia matumizi salama ya geji, alikuwa ofisi ya mjini, mwendo wa saa moja na dakika kumi.

Kilichomo ndani ya geji

Sehemu hii ni ndefu kwa makusudi, kwa sababu karibu kila uamuzi mbaya wa siku ile ulitokana na kutoielewa.

Geji ina vyanzo viwili. Cha kwanza ni siziamu-137, kwenye ncha ya fimbo ya chuma cha pua inayoshushwa ardhini kupitia tundu lililotobolewa kwa nondo na nyundo. Fimbo ikipandishwa, ncha huingia kwenye kinga ndani ya geji na kipande cha tangsteni huteleza na kuziba chini yake. Cha pili ni mchanganyiko wa unga wa amerisiamu-241 na beriliamu, uliofungwa kwenye kitako cha geji, hiki hakisogei.

Siziamu-137 ina protoni 55 na nyutroni 82 kwenye kiini, na elektroni 55 nje yake. Elektroni ya 55 iko peke yake kwenye ganda la nje, kama ilivyo kwa sodiamu na potasiamu, na kwa hiyo siziamu ina tabia za kikemia za jamii hiyo: huunda chumvi, na chumvi zake nyingi huyeyuka majini. Hiyo ndiyo kemia, na kemia yote ni mambo ya elektroni za nje. Unururifu, yaani tabia ya kutoa mionzi, ni habari ya kiini. Nyutroni moja hugeuka kuwa protoni, elektroni hutupwa nje (mnururisho wa beta), na atomi iliyokuwa siziamu inakuwa bariamu-137 yenye protoni 56 na nyutroni 81. Jumla bado ni 137. Katika mara 94 au 95 kwa kila 100, kiini hicho kipya cha bariamu huzaliwa kikiwa na nishati ya ziada, na nusu ya viini hivyo huiachia ndani ya dakika mbili na nusu kama fotoni (chembe ya nuru) ya gama ya elektroni-volti 662,000; elektroni-volti ni kipimo cha nishati cha kiwango cha atomi. Beta inaishia ndani ya kapsuli ya chuma iliyofunga chanzo. Gama ndiyo inayofanya kazi: inapita kwenye udongo hadi kwenye vihesabio upande wa pili wa kitako, na udongo ukiwa umeshindiliwa vizuri, zinazofika ni chache.

Amerisiamu-241 hutoa alfa, yaani furushi la protoni mbili na nyutroni mbili, na kubaki neptuniamu-237. Alfa hiyo haivuki hata karatasi. Hewani inaishia kama sentimita 4. Ila ikigonga beriliamu-9, kinazaliwa kiini cha kaboni-12 na nyutroni moja inaruka. Mmenyuko huohuo, kwa alfa za poloniamu, ndio uliomwezesha James Chadwick kuitambua nyutroni mwaka 1932. Leo uko kwenye kitako cha kifaa kinachobebwa nyuma ya pikapu. Nyutroni hupima unyevu. Ikigonga kiini kizito inarudi na kasi yake karibu yote, kama gololi iliyogonga tofali. Ikigonga hidrojeni, yenye protoni moja tu na uzito karibu sawa na wake, inapoteza mwendo kama gololi iliyogonga gololi mwenzake. Nyutroni za polepole zikihesabiwa nyingi, maana yake kuna hidrojeni nyingi, yaani maji.

Ukubwa nao una uzito wake hapa. Atomi ya siziamu ni kubwa kuliko kiini chake kwa takriban mara 42,000. Weka punje ya mtama ya milimita 4 katikati ya Uwanja wa Jamhuri wa Dodoma uiite kiini. Ukingo wa atomi utakuwa mita 84 kutoka hapo, nyuma kabisa ya magoli. Moto, tindikali, sabuni na maji vinachezea huko nje. Kaboni ya mkaa ikiungua hutoa kama elektroni-volti 4 kwa kila atomi. Gama moja ya siziamu ina zaidi ya mara 160,000 ya hiyo. Hakuna kitu chochote kwenye saiti ya barabara kinachoweza kukifikia kiini kile na kukituliza.

Sasa kiasi. Geji ilitoka kiwandani miaka 12 kabla ya tukio ikiwa na megabekereli 300 za siziamu. Kwa nusu-maisha (muda ambao nusu ya viini huvunjika) ya miaka 30.1, zilikuwa zimebaki takriban 228, yaani viini milioni 228 vinavyovunjika kila sekunde. Uzito wa siziamu hiyo yote ni kama mikrogramu 71, chembe ndogo kama punje ya chumvi. Chanzo kama hicho kikiwa wazi hutoa takriban mikrosiveti 20 kwa saa (mikrosiveti ni kipimo cha dozi ya mionzi mwilini) kwenye umbali wa mita 1. Amerisiamu, gigabekereli 1.48, haikuwa imepungua kwa kiasi cha kutajwa kwa sababu nusu-maisha yake ni miaka 432. Nyutroni zake huongeza kama mikrosiveti 1 kwa saa kwenye umbali huohuo.

Mtiririko wa tukio

Saa 4:40 asubuhi fundi alishusha fimbo milimita 150 na kuanza kuhesabu. Simu ikaita. Akasogea mita 15 hivi, kwenye kivuli cha greda, ili asikie. Rola ikarudi kinyumenyume. Opereta wa rola akirudi nyuma haoni kitu kifupi kilicho karibu na ngoma, na geji ina urefu wa ndoo. Kitako kilipasuka, kishikio kikalala, fimbo ikapinda ikiwa bado ardhini.

Fundi alipunga mikono, rola ikasimama, injini ikazimwa. Kisha akafanya kile ambacho mafundi wengi hufanya: akashika kishikio na kuvuta kwa karibu dakika nzima ili fimbo irudi. Haikurudi.

Saa 4:50 foremani aliita boza lije "kuosha mionzi." Fundi alikuwa ameshampigia msimamizi wa usalama, naye kwa simu akatoa maagizo: maji yasimwagwe hata tone; mtu yeyote asikaribie chini ya mita 5; rola isisogezwe; opereta ashukie upande wa mbali, akae kivulini, apewe maji ya kunywa akishapanguswa mikono na kitambaa hicho kihifadhiwe; aliyekuwapo asiondoke. Boza lilisimamishwa likiwa limebakiza mita 20.

Maagizo mengine yalifika nusunusu. Foremani aliwafukuza watu hadi mita 100 na kumwacha opereta peke yake kwenye jua, bila maji, kwa zaidi ya saa mbili. Mtu mzima, mwenye wajukuu. Msimamizi alipofika, swali lake la kwanza lilikuwa: "Mwanangu, niambie ukweli, mimi nimeshakufa?"

Habari ikafika kwa mama lishe kwamba "urani ya Bahi imepasuka." Ikumbukwe kwamba Bahi na Manyoni zimesikika kwa miaka mingi kwa sababu ya utafiti wa urani kwenye mbuga zake, kwa hiyo neno mionzi likitamkwa ukanda huu, urani ndiyo inayokuja mdomoni. Sufuria mbili za maharage na ugali wote vikamwagwa.

Kabla ya adhuhuri yalikuwa yameshatolewa mapendekezo matatu: kuichota geji kwa loda na kuifukia kwenye shimo la kifusi, kuichoma moto kwa dizeli, na kuizungushia miba, kisha kusubiri mwezi mmoja "ipungue nguvu." La tatu lilitoka kwa mtu makini, ambaye ndugu yake alitibiwa kwa iodini hospitalini na kuambiwa akae mbali na watoto kwa muda.

Mjini nako kulikuwa na shida yake. Kabati lilipofunguliwa, betri za mita ya mionzi zilikuwa zimevuja na kutia kutu kwenye vishikizo. Zilinunuliwa nyingine, vishikizo vikakwanguliwa kwa msasa, mita ikajaribiwa kwa chanzo kidogo cha ukaguzi. Dakika 50 zikapotea. Mdhibiti, yaani Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, alijulishwa kwa simu kabla gari halijaondoka. Msimamizi alifika saa 7:05 mchana.

Maamuzi na sababu zake

Kipimo cha kwanza kilichukuliwa mita 100 kutoka kwenye geji, upande upepo unakotoka: mikrosiveti 0.14 kwa saa, hali ya kawaida ya eneo. Kwenye umbali wa mita 5, mita ya mionzi haikuonyesha tofauti ya kueleweka. Kwenye umbali wa mita 1 ilisoma kama 4. Mhandisi mmoja alifurahi: kama chanzo kizima hutoa 20, basi kimeshapotea nguvu. Sivyo. Chanzo kilikuwa sentimita 15 ndani ya changarawe iliyoshindiliwa, na changarawe hiyo ndiyo iliyokuwa ikikikinga. Siku ile ardhi ilikuwa kinga bora kuliko kitu chochote kilichokuwa kwenye magari, na tafsiri yake ni kwamba kiwango kingepanda, si kushuka, wakati wa kung'oa fimbo. Mpango wote ulijengwa juu ya hilo.

Mapendekezo yote matatu yalikataliwa, kila moja kwa sababu yake. Loda ingeweza kuikata kapsuli, na chanzo kizima kilichofungwa kingegeuka kuwa vumbi lenye siziamu. Moto usingebadili kiini hata kimoja, ila ungeweza kuharibu vifungio na kupeleka chembe hewani. Kusubiri mwezi kungepunguza siziamu kwa asilimia 0.2 na amerisiamu kwa kiasi kisichopimika. Iodini-131 ya hospitali ina nusu-maisha ya siku 8, ndiyo maana ushauri wa yule ndugu ulikuwa sahihi kwake na haukufaa hapa. Nusu-maisha si tabia ya "mionzi" kwa jumla. Kila isotopi, yaani kila aina ya kiini, ina yake.

Pendekezo la nne lilitoka kwa afisa afya: kuazima aproni za risasi kutoka idara ya eksirei. Linasikika la kitaalamu, na hapa ndipo wengi hunaswa. Aproni ya milimita 0.5 ya risasi imetengenezwa kwa ajili ya eksirei za uchunguzi, zenye nishati ndogo. Kwa gama ya siziamu hupunguza kama asilimia 6 tu. Ili kupunguza nusu unahitaji risasi ya milimita 6 na nusu. Aproni ya kilo kadhaa ingemfanya mtu awe mzito na mwenye kuchelewa, na kuchelewa ndiko kunakoongeza dozi. Ilikataliwa.

Kilichotumika ni pipa la chuma la lita 200 lililojazwa nusu mchanga mkavu. Hapa kulikuwa na hoja nzuri ya kupingana nayo: mchanga wenye maji ungepunguza nyutroni vizuri zaidi, kwa sababu ileile ya gololi. Lakini nyutroni zilikuwa kama mikrosiveti 1 tu kwa saa, na bado haikujulikana kama kapsuli ya siziamu ilikuwa nzima. Ingekuwa imepasuka, maji yangekuwa gari la kuisafirisha. Mkavu ukashinda.

Kazi ilifanywa na watu wawili, wote wakiwa na beji za kupimia dozi, glavu na barakoa, baada ya mazoezi mawili makavu pembeni kwa fimbo ya mti na ndoo. Mmoja alichimba kuzunguka fimbo kwa koleo la mpini mrefu akiwa upande upepo unakotoka. Wa pili aliinua geji kwa ndoano ya nondo ya mita moja na nusu, ncha ikielekea chini na mbali na wote, akaitia ndani ya pipa. Wa kwanza akafunika kwa mchanga hadi juu. Tangu koleo la kwanza hadi kufunika zilipita dakika 8, na muda ambao chanzo kilikuwa wazi kabisa haukufika dakika 2. Nje ya pipa mita ilisoma kama 30 kwa saa ikigusa bati, na mita 1 kutoka pipani kama moja na nusu.

Upimaji wa uchafuzi, na ile namba 58

Kabla ya kuruhusu rola kuondoka, vilikaguliwa kwa kihesabio chenye dirisha jembamba: ngoma ya rola, shimo, buti za wote, mikono ya fundi na ya opereta. Hesabu ya kawaida ya eneo ilikuwa 45 kwa dakika. Kwenye ngoma zilisomwa 41, 52, 47, kisha 58. Foremani alipoiona 58 alipiga kelele watu warudi nyuma.

Viini havivunjiki kwa kufuata mdundo wa saa. Kila kimoja kina uwezekano wake tu, na hesabu ya dakika moja hucheza juu na chini kwa takriban kipeuo cha pili cha namba yenyewe: kwa 45 ni karibu 7. Tofauti ya 13 inatokea mara kwa mara bila sababu yoyote. Tiba yake ni muda. Ngoma ilihesabiwa dakika 10 ikatoa 462. Eneo safi dakika 10 likatoa 455, ambalo mchezo wake ni kama 21. Hakuna tofauti.

Hata hivyo mita ya gama peke yake haitoshi kusema "safi" panapokuwa na amerisiamu. Alfa haivuki tone la maji wala tabaka la vumbi, na kihesabio kikishikwa sentimita 5 juu ya doa hakiioni. Ikiingia kifuani kwa vumbi, ndiyo yenye madhara kuliko gama. Kwa hiyo geji, sehemu ya ndani ya pipa na kitako kilichopasuka vilipanguswa kwa pamba kwenye vijiti virefu, na pamba hizo zikapelekwa maabara kuhesabiwa alfa na gama. Kikomo kinachotumika kwa vyanzo vilivyofungwa ni bekereli 185. Kikivukwa, chanzo huhesabiwa kuwa kinavuja.

Matokeo

Pamba zote zilikuwa chini ya kikomo. Kapsuli zote mbili zilikuwa nzima. Kilichokuwa kimevunjika ni plastiki, alumini na fimbo. Pipa lilisafirishwa kwa kibali cha mdhibiti, likiwa na lebo, hadi ghala lenye ruhusa.

Wale wawili walipata takriban mikrosiveti 5 kila mmoja, pungufu kidogo ya ile ambayo mtu hupata kwa siku moja kutokana na mionzi ya asili duniani, kwa wastani. Opereta alikadiriwa kupata chini ya 1. Fundi alikuwa ameiacha beji yake kwenye gari, kwa hiyo dozi yake ilikokotolewa: mwilini mikrosiveti chache, mikononi labda mia moja na kitu kwa kuchukulia hali mbaya kabisa, kwamba udongo haukumkinga na mikono ilikuwa sentimita chache tu kutoka kwenye chanzo. Kikomo cha mikono kwa mfanyakazi wa mionzi ni 500,000 kwa mwaka. Kikomo cha mwili kwa raia asiye mfanyakazi ni 1,000.

Mkandarasi alimlipa mama lishe chakula chake chote.

Uchambuzi

Kilichookoa siku ni simu ya dakika ya kwanza na neno moja ndani yake: maji yasimwagwe. Tukiitazama kapsuli tukiwa tumeshajua kwamba ilikuwa nzima, boza linaonekana halikuwa na hatari. Lakini saa 4:50 hakuna aliyejua. Goiânia, Brazili, mwaka 1987, siziamu iliyokuwa kwenye mashine ya tiba iliyotelekezwa ilikuwa chumvi ya kloridi. Ilipotobolewa ilishika mikono, nguo na sakafu kama chumvi ya kawaida ishikavyo, watu 249 wakakutwa na uchafuzi na wanne wakafa. Chanzo kile kilikuwa na terabekereli karibu 51, zaidi ya mara 200,000 ya hiki, kwa hiyo si haki kulinganisha madhara. Kinacholingana ni kemia. Vyanzo vya geji kwa kawaida hufungwa ndani ya kauri ili visiyeyuke, lakini huwezi kuiona kauri ukiwa umesimama mita 5.

Kilichoharibu siku ni kuchanganya kupigwa na mionzi na kuchafuliwa na kitu kinachotoa mionzi. Maharage ya mama lishe yangeweza kupigwa na gama mchana kutwa na yasiwe nururifu. Gama ya siziamu hugonga elektroni. Ili kung'oa nyutroni kwenye kiini, hata vile vinavyoachia kirahisi kuliko vyote, beriliamu-9 na hidrojeni nzito, vinataka elektroni-volti milioni 1.67 na 2.22. Elektroni-volti 662,000 hazifiki. Mhandisi aliyetangaza siku ile kwamba "hakuna mionzi inayoweza kukifanya kitu kingine kiwe nururifu" alikosea upande wa pili, kwa sababu nyutroni zinaweza. Zinaingia kwenye kiini bila kusukumwa, kwa kuwa hazina chaji. Ila hapa zilikuwa chini ya 100,000 kwa sekunde kwa pande zote, na sehemu kubwa humezwa na hidrojeni na silikoni za udongo ambazo zikiongezwa nyutroni moja bado ni tulivu. Jibu la kumpa mama lishe lilikuwa rahisi: chakula kiko salama, kiko mita 40 na hakikuguswa na kitu. Hakuna aliyetumwa kumwambia.

Na kama ni bekereli tu, maharage yanazo zake. Kilo moja ya maharage makavu ina potasiamu kama gramu 14, na kila gramu ya potasiamu, popote duniani, ina bekereli 31 za potasiamu-40. Hizo ni zaidi ya 400 kwa kilo. Mwalimu atakayeutumia mfano huu awe mwangalifu: si kwamba kikomo cha 185 ni cha ovyo. Kile si kikomo cha sumu, ni kengele ya ufa; chanzo kilichofungwa hakitakiwi kuvujisha chochote, na 185 ni kiasi kidogo ambacho bado hupimika bila shaka.

Suala la urani lilistahili kujibiwa palepale badala ya kuchekwa. Geji haina urani. Tena urani-238, kwa kuwa nusu-maisha yake ni miaka bilioni 4.47, huvunjika polepole mno. Ili upate megabekereli 228 kutoka kwayo peke yake ungehitaji zaidi ya kilo 18, dhidi ya mikrogramu 71 za siziamu. Watu wengi, wakiwamo waliosoma, hudhani nusu-maisha ndefu ni hatari kubwa zaidi. Kwa uzito uleule ni kinyume: isotopi inayodumu ndiyo isiyo na haraka.

Opereta ndiye aliyeumizwa, na si na mionzi. Kumtenga kulikuwa na mantiki hadi viatu na mikono vipimwe, lakini mantiki hiyo haikudai jua wala kiu. Kama angekuwa na uchafuzi, angeubeba kwenye vumbi la nguo, na aliyempelekea maji angejikinga kwa glavu na barakoa. Utaratibu wa saiti uliandika "tenga aliyehusika" bila kueleza namna, na foremani aliujaza kwa hofu yake.

Makosa ya vifaa hayahitaji maneno mengi. Mita isiyo na betri si mita. Betri zitolewe inapowekwa kabatini na zihifadhiwe pembeni. Beji ikae shingoni. Mita iwe kwenye gari linalobeba geji, si mjini. Wakati geji ikihesabu, fundi asisogee zaidi ya hatua chache, na awekwe mtu wa bendera kati yake na mashine yoyote inayorudi nyuma. Kuhusu kuvuta kishikio: mafunzo aliyopewa fundi yalisema "rudisha fimbo kwenye kinga" kama hatua ya kwanza ya dharura, na kwa geji isiyopondwa ni sahihi. Kwa fimbo iliyopinda, kuvuta kunaweza kuikata ncha na kuiacha ardhini au kuitoa nje bila kinga. Sentensi hiyo ya mafunzo inatakiwa kuanza na "kama haijapinda."

Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003 inaiweka geji chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania tangu inapoingizwa nchini hadi inapotupwa, na hapo kuna jambo ambalo wakandarasi hulikumbuka wakiwa wameshachelewa. Geji iliyopondwa haina kazi tena, lakini amerisiamu yake itakuwa imefika nusu baada ya miaka 432. Mkataba wa ununuzi wa geji hii haukuwa na kifungu cha kuirudisha kiwandani. Hadi kisa hiki kinaandikwa, pipa bado liko ghalani na mkandarasi anaendelea kulipia.